Kuandika muziki ukiwa Chuga: anza na majina ya waliotengeneza ngoma

Anayeanza kuandika mambo ya muziki mtandaoni akiwa Arusha (Chuga yenyewe) au Moshi hukutana na kishawishi kimoja mapema sana, nacho ni kuandika ya Dar. Fulani kaachana na fulani, fulani kamjibu fulani Instagram, kiki ya wiki imetoka. Achana nayo. Kule kuna kundi zima la wenye kamera mlangoni pa msanii yuleyule, na wewe utakayeinakili habari saa tatu baadaye huna utakachoongeza. Ambacho hao hawana, na hawatapanda basi kuja kukitafuta, ni nani alipika biti ya ngoma iliyorekodiwa mtaa wa Kijenge mwaka juzi, nani kaimba kiitikio na hakutajwa popote, kwaya ya usharika gani ilirekodi kanda gani na nani alishika kinanda. Kazi ya mwandishi wa kujitegemea wa huku imejengwa juu ya hayo.

Na ya kuandika yapo tele. X Plastaz walianza hapa 1996, wakachanganya rap ya Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai, na albamu yao ya 2004, Maasai Hip Hop, ikatolewa na lebo ya Ujerumani, Out Here Records. Wakaja Watengwa, Nako 2 Nako na River Camp, kisha Weusi: Joh Makini, Nikki wa Pili, G Nako, Lord Eyes, Bonta. Jaribu kutafuta mtandaoni orodha ya waliotengeneza ngoma za mwanzo za makundi hayo, mwaka kwa mwaka na studio kwa studio. Utaokota vipande tu. Faza Nelly wa X Plastaz alifariki 2006, na maswali ambayo yeye peke yake angeyajibu hayana tena wa kuulizwa. Maprodyuza wa kipindi hicho wengine bado wapo mjini, wameshaacha muziki na wanafanya shughuli nyingine. Nenda kwao kwanza, hao chipukizi utawakuta tu.

Kadi ya wimbo

Kabla hujaandika sentensi hata moja kuhusu ngoma, ijazie kadi. Faili la kawaida la jedwali linatosha. Jina la wimbo liandike kama msanii mwenyewe anavyoliandika, herufi kwa herufi. Halafu jina la kisanii, mtunzi wa mashairi, aliyetengeneza biti, aliyerekodi sauti, aliyefanya miksi (kusawazisha sauti na biti), aliyefanya masta (kuipa rekodi sura ya mwisho kabla haijatoka). Hawa wanne wa mwisho watu hupenda kuwajumlisha kwa neno moja, prodyuza, na hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa, maana biti inaweza kutoka kwa mtu wa mtaa wa Sakina, sauti zikarekodiwa Ngarenaro, miksi ikafanyika Dar na masta ikafanywa na mtu mwingine kabisa. Endelea na waliopiga ala, walioitikia, studio na mtaa wake, mwezi na mwaka wa kurekodi, mwezi na mwaka wa kutoka. Safu ya mwisho ni ya nani kakuambia na lini. Hiyo usiiache wazi hata siku moja, kwa sababu miezi sita baadaye atatokea mtu kudai biti ni yake, na jibu lako litakuwa kwenye safu hiyo.

Uliza watu watatu: msanii, prodyuza, na mtu mmoja aliyekuwepo chumbani bila kuwa na maslahi, labda rafiki aliyewasindikiza. Wakitofautiana, andika kwamba wametofautiana na kila mmoja kasema nini. Msomaji anaheshimu hilo kuliko uamuzi wa kubahatisha.

Tarehe ndizo zinazowaangusha wengi. Ukifungua programu za kusikilizia muziki kama Boomplay, Audiomack au Spotify, mwaka unaouona mara nyingi ni wa siku wimbo ulipopandishwa. Spotify yenyewe imefika Tanzania 2021. Ngoma ya 2003 iliyopandishwa na msambazaji 2019 itasomeka 2019, na blogu nyingine kumi zitaiandika hivyohivyo. Namba ya ISRC, ile ya kuitambulisha kila rekodi, nayo isikudanganye. Ina herufi na tarakimu 12, na zile tarakimu mbili baada ya herufi tano za mwanzo ni mwaka namba ilipotolewa, ambao waweza kuwa mbali na mwaka wa kurekodi. Namba hizo zinatafutika bure kwenye tovuti ya IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za kurekodi muziki, na kazi yake kubwa kwako ni kukuonyesha kama nyimbo mbili zenye jina moja ni rekodi mbili au rekodi moja iliyopandishwa mara mbili. Kwa mwaka wa kweli tafuta ushahidi wa karatasi na plastiki: kasha la kanda, bango la shoo, tarehe iliyoandikwa kwa kalamu kwenye CD ya studio.

Jambo dogo linaloharibu mengi: ngoma ikitumwa WhatsApp kama sauti, simu huipa jina kama AUD-20241116-WA0003, na jina la awali limepotea. Picha nayo inabanwa, inafika imepungua na kingo zimechafuka. Mwambie msanii atume vyote kama dokumenti. Ukipokea, badilisha jina la faili palepale, lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha mahali, kisha mtu. Faili likianza na tarehe linajipanga lenyewe.

Kwaya zinastahili neno hapa, kwa sababu ndizo zinazorekodi kwa wingi katika ukanda huu na ndizo zisizoandikwa. Usharika wa KKKT, kanisa la Kilutheri, mjini Moshi au Arusha unaweza kuwa na kwaya kadhaa, ya vijana, ya uinjilisti, ya kinamama, na kila moja ina mwalimu wake. Msikilize mwalimu wa kwaya kabla ya mwenyekiti. Mwenyekiti anajua bajeti, mwalimu anajua wimbo ulitungwa na nani, nani alibadilisha sauti ya tatu na kwa nini. Kwa vikundi vya Kimaasai muulizie olaranyani, yule anayeongoza wimbo, na uandike kijiji na rika. “Wamaasai wakiimba” chini ya picha ni kukosa heshima kwa mtu mwenye jina na ufundi wake.

Sauti ya mahojiano

Simu nzuri pamoja na maiki ya kubana kwenye shati inatosha kuanza. Ukipata hela ya kinasa sauti, nunua kinachorekodi WAV, yaani sauti isiyobanwa. Kwa kipimo cha 48 kHz, bit 24, mono (mkondo mmoja wa sauti), saa moja inakula takriban MB 520, kwa hiyo kadi ya GB 32 inabeba zaidi ya saa sitini. MP3 ya 128 kbps ni MB 58 kwa saa. Rekodi kwa WAV, hifadhi WAV, na toa MP3 ya kusikilizia wakati wa kunukuu.

Maiki ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni. Mshale wa sauti ucheze karibu na -12 dB pale mtu anapoongea kwa nguvu. Ukigusa 0 sauti inapasuka, na hakuna programu itakayoirudisha ilivyokuwa. Watu wa huku wakinogewa hupandisha sauti ghafla na kucheka karibu na maiki, basi acha nafasi hiyo tangu mwanzo. Simu ya kurekodia iweke kwenye hali ya ndege, vinginevyo atapiga mtu kuuliza kama umeme umerudi na rekodi itakatika katikati ya jibu. Vaa hedifoni. Mwandishi asiyesikiliza anachorekodi hugundua waya umelegea akiwa ameshafika nyumbani.

Mahali ni muhimu kuliko kifaa. Kuanzia Machi hadi Mei mvua ya masika ikipiga bati usitegemee kuisafisha baadaye, sauti ya bati iko kwenye masafa yaleyale ya maneno. Hamieni chumba chenye dari na mapazia, au ingieni ndani ya gari mfunge vioo. Gari lililosimama ni studio nzuri ajabu kwa mahojiano, viti vinanyonya mwangwi na bodaboda wanabaki nje. Studioni, zimeni feni, na zimeni muziki kwenye spika. Muziki ukisikika nyuma ya mazungumzo una madhara mawili: huwezi kukata na kuunganisha bila msikilizaji kushtuka, na ukipandisha YouTube mfumo wake wa kutambua nyimbo za watu, Content ID, unaweza kuunasa, na mapato yakaenda kwa mwenye wimbo hata kama ni sekunde chache.

Kwa mzee wa bendi ya dansi, fika asubuhi kabla jua halijawa kali, shikamoo kwanza, na maiki ibaki mfukoni hadi mmemaliza kuulizana hali. Usianze na “ulizaliwa lini”. Anza na ala: gitaa gani, la nani, nyuzi mlipata wapi. Mikono inakumbuka kuliko kichwa, na miaka itafuata yenyewe. Wanamuziki wa bendi za harusi ni vigumu kuwapata mwishoni mwa wiki mwaka mzima, isipokuwa Kwaresima, ndoa zinapopungua. Wapangie miadi kipindi hicho.

Kunukuu saa moja ya mazungumzo kunachukua saa nne hadi tano. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi zinajitahidi kwa Kiswahili cha taarifa ya habari, lakini kwa mtu wa mtaa wa Unga Limited anayechanganya lugha ya kihuni, Kimeru kidogo na majina ya utani, zitakuandikia mtu mwingine kabisa. Nukuu zote sikiliza tena kwa sikio lako kabla ya kuchapisha. Na usimnyooshee Kiswahili chake. Alivyosema ndivyo alivyosema.

Shoo

Kalenda ya huku ina vilele vyake. Desemba Wachagga wanarudi nyumbani, Moshi inafurika, na wasanii wa Dar wanapanda. Mwishoni mwa Februari kuna Kilimanjaro Marathon na shamrashamra zake pale Moshi. Omba nafasi ya kazi kwa waandaaji wiki mbili kabla, kwa maandishi, ukitaja utaandika nini na lini. Usisubiri mlangoni.

Fika wakati wa kujaribu vyombo. Hapo ndipo utamkuta fundi mitambo hana presha, na ndiye anayejua kama msanii ataimba mubashara au juu ya wimbo wenye sauti tayari. Muulize DJ orodha ya nyimbo atakazocheza, ipige picha, halafu weka alama kwa kila iliyoimbwa kweli. Tofauti kati ya orodha na kilichotokea ndiyo ripoti yenyewe mara nyingi: muda uliisha, umeme ulikatika, au watu hawakupokea.

Picha za jukwaani huharibiwa na taa za LED. Za bei nafuu huweza kuwaka na kuzima haraka, nyingine kufuatana na umeme wetu wa 50 Hz, na kamera ikiwekwa kasi kubwa inanasa mistari myeusi. Weka kasi ya 1/100 ya sekunde. Mistari ikibaki, shuka 1/50 na umsubiri msanii atulie mwisho wa mstari wa mashairi. Tumia lenzi ya f/1.8, inayoingiza mwanga mwingi, na ISO 3200 (kipimo cha kamera kunasa mwanga), na usitumie flashi.

Kuhusu idadi ya watu, “maelfu kwa maelfu” ni neno la mtangazaji. Wewe hesabu. Watu waliosimama kwa nafasi ni kama mmoja kwa mita ya mraba. Waliosongamana wanafika wawili na nusu. Pale mbele kabisa wanapokanyagana wanaweza kufika wanne. Uwanja wa mpira wa kipimo cha kawaida, mita 105 kwa 68, ni mita za mraba 7,140. Basi ukiwa Sheikh Amri Abeid na umati umefunika nusu ya eneo la namna hiyo, wawili kwa kila mita, hao ni kama 7,000. Mwandaaji akikuambia 30,000, andika alichosema, na chini yake andika hesabu yako na namna ulivyoipata.

Bahasha, leseni na haki za watu

Bahasha ipo na kila mwandishi wa burudani anaijua. Huitwa nauli, huitwa ya maji, inatolewa na meneja kwa upole kabisa. Usipokee. Kuingia bure kufanya kazi ni sawa, pesa mkononi hapana, maana siku utakapoandika kwamba shoo ilikuwa mbovu, ile bahasha ndiyo itakayoletwa kama ushahidi dhidi yako. Kinacholipiwa kiandikwe Tangazo juu kabisa, kwa herufi zinazoonekana. Ukimwandikia msanii wasifu kwa malipo, ambayo ni kazi halali na ina soko, usiichambue albamu yake. Mpe mwenzako aifanye.

Leseni ya kuchapisha mtandaoni isikushtukize. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliweka shilingi 100,000 ya maombi, 1,000,000 ya leseni na 1,000,000 kila mwaka, na Juni mwaka huo JamiiForums, jukwaa kubwa la mijadala mtandaoni, yenyewe ilizimika kwa muda. Kanuni hizo zilifutwa na za 2020, nazo zikarekebishwa 2022, kwa hiyo usiamini ada unazosoma kwenye makala za zamani. Soma jedwali lililopo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, au fika ofisi yao ya kanda hapahapa Arusha ueleze kwa maneno yako unachokifanya: unatoa habari, au unachambua muziki tu? Jibu lao liombe kwa maandishi. Ithibati ya uandishi chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ni jambo tofauti na leseni ya tovuti, na linaangalia elimu yako.

Hakimiliki inaongozwa na sheria ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndio wasimamizi. Mistari michache ndani ya uchambuzi, ukitaja mtunzi, ni nukuu. Mashairi yote ya wimbo ukurasani ni kazi ya mtu, omba ruhusa na uihifadhi. Jina la kuzaliwa la msanii, namba yake, mahali anapolala, hivyo ni taarifa binafsi, na tangu Mei 2023 kuna sheria inayovilinda. Na tuhuma yoyote, ya wizi wa biti au ya kudhulumiana malipo, mpigie anayetuhumiwa kabla ya kuchapisha, mpe muda unaoeleweka, uandike kwamba ulimpigia.

Hela

Matangazo ya Google ni kijito chembamba, lakini watu wengi wanakwama hata kabla hakijaanza kutiririka. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma PIN, namba ya kuthibitisha anwani yako, kwa barua ya posta. Ukiandika jina la mtaa tu, haifiki. Andika S.L.P. inayofanya kazi, na kama ni ya ofisi au ya mzazi, waambie wenye sanduku watarajie bahasha yenye jina lako. Jina kwenye akaunti lifanane na la benki herufi kwa herufi. Malipo hutoka ukifikisha dola 100. Kwa mapato ya YouTube, jaza fomu ya kodi ya Marekani hata kama huna mtazamaji kule, kwa sababu usipoijaza wanaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako ya dunia nzima. Ukiijaza, wanakata asilimia 30 ya yale tu yaliyotokana na watazamaji wa Marekani. YouTube inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla ya kukugawia matangazo kamili. Na ukipigwa onyo la hakimiliki mara tatu ndani ya siku 90 chaneli inafungwa, ikiwa na mahojiano yako yote. Ndiyo maana WAV zinakaa kwako, nakala mbili kwenye vifaa viwili na moja nje ya nyumba.

Tangazo la mwezi kutoka kwa duka la vyombo vya muziki, studio au fundi wa spika hulipa kwa uhakika zaidi ya Google, ilimradi ukurasa unafunguka. Wasomaji wako wako kwenye bando. Punguza picha hadi upana wa pikseli 1,200 na uzito chini ya KB 150, ukurasa mzima usizidi KB 500, na video ipandishe kwingine uweke kiungo.

Kazi za majarida ya nje zinalipa vizuri kwa anayejua kuomba. Pendekezo liwe aya tatu: habari ni nini, kwa nini sasa, na wewe una nini ambacho wao hawawezi kukipata. Hapo kadi zako za nyimbo ndizo zinazokuuza. Uliza kabla ya kukubali: wanalipa kwa neno au kwa makala, kwa njia gani, baada ya siku ngapi, na nani anabeba makato ya benki. Ankara iwe na TIN yako (namba ya mlipakodi), jina la benki, tawi na SWIFT, yaani msimbo wa kimataifa wa benki.

Kabla ya kutaja bei, piga hesabu ya saa. Makala ya maneno 1,500 yenye mahojiano ya saa moja ni saa moja ya mazungumzo, tano za kunukuu, mbili za kuhakiki kwa simu, nne za kuandika, moja ya picha na kupandisha. Hizo ni 13, bado nauli ya kwenda Moshi kilomita 80 na kurudi, bado bando. Gawa malipo unayoahidiwa kwa 13. Ikiwa kinachobaki ni chini ya kibarua cha mtu wa kubeba matofali Njiro, waambie bei yako, na kama hawaiwezi, waandikie maneno 400 yasiyohitaji mahojiano.